Tatu Nane na Moja Mwishoni

Mwalimu wetu wa hesabu hakuwahi kumpiga mtoto. Naanza na hilo kwa sababu ni haki yake, na kwa sababu nikianza na lile jingine hamtamwona mtu, mtaona siku moja tu ya maisha yake. Katika shule yetu ya kutwa, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Endebess, walimu wengine walikuwa na kiboko kabatini hata baada ya serikali kukataza. Yeye alikuwa na ulimi, na ulimi ulimtosha.

Alikuwa mrefu, amejikunja kidogo mabegani kama mtu aliyezoea milango mifupi, na mifuko ya koti lake la kahawia ilijaa vipande vya chaki ambavyo wenzake walishavitupa. Kwake ni Misikhu, upande wa Bungoma, lakini siku za kazi alikaa Matisi katika chumba cha kupanga, mstari mmoja na chumba chetu. Tulichota maji mfereji mmoja, lile bomba la uani. Kwa hiyo nilimjua kwa namna mbili: asubuhi akiwa na ndoo na ndara kama jirani yeyote, na saa moja baadaye akiwa mbele ya ubao, na tai.

Alipozungumza, l na r zilibadilishana viti. Siku yetu ya kwanza kidato cha kwanza alituambia kila mtu kesho aje na karamu. Mwenzetu mmoja aliyelelewa Mombasa akaja na chapati zimefungwa kwa gazeti. Darasa likavunjika kwa kicheko. Mwalimu akacheka kuliko wote, akaketi juu ya meza, akala chapati moja yote, akasema karamu ya namna hiyo iletwe kila wiki. Ndivyo alivyokuwa. Kosa la ulimi lilimfurahisha. Kosa la hesabu ndilo ambalo hakuweza kulibeba, hasa likiwa lake. Siku moja aliandika ubaoni kuwa ni Jumanne, na msichana wa mbele akamwambia kwa upole kwamba ni Jumatano. Aliangalia ubao, akamwangalia msichana, akasema, "Hapa ndani ni Jumanne mpaka kengele ilie." Tukaandika Jumanne vitabuni.

Wengine wana ng'ombe, wengine wana timu ya mpira. Yeye alikuwa na namba. Namba yake ilikuwa 33333331: tatu saba, halafu moja mwishoni. Aliipaka kwa rangi nyeupe ya mafuta kwenye ukuta wa nje wa darasa letu, kubwa hivi kwamba aliyepita barabarani aliisoma. Mzazi mmoja aliwahi kuipigia simu, kisha akalalamika kwa mwalimu mkuu kwamba shule haipatikani.

Namba hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Kusema hivyo ni rahisi. Yeye alihakikisha kwa mkono. Alitufundisha kwamba huna haja ya kujaribu kila namba iliyo chini yake. Unajaribu zile tasa peke yake, na ukifika pale ambapo namba ikijizidisha yenyewe inaipita ile unayoichunguza, umemaliza kazi. Kwa 33333331, pale ni baada kidogo ya elfu tano mia saba. Kabla ya kufika huko kuna mamia ya namba tasa, naye aligawanya kwa kila moja, likizo baada ya likizo, kwa penseli, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Mkewe alikuja Matisi mara moja kumuuguza malaria, akatuambia pale mferejini, "Hiyo namba yake nimeipikia ugali mpaka tumezoeana." Karatasi zikishajaa, mke huyo aliziwashia moto wa jikoni.

Nilimpenda kwa ajili ya hilo. Sijui kama nimewahi kumpenda mwalimu mwingine hivyo. Katika mji ambao kila mtu alikuambia usome ili upate hiki au kile, huyu mtu alikuwa ametumia miaka kujua jambo moja lisilomfaa kwa chochote, na alikuwa na furaha nalo.

Alikuwa na misemo tuliyoiiga tukienda nyumbani. "Ukishuku, gawanya." Huo ndio tuliousikia zaidi. Wa pili ulikuwa wa watu waliosahihisha majibu yao kwa ujanja: "Baki si dhambi. Dhambi ni kuificha." Kama hesabu yako ilibakisha kitu na wewe ukaandika kana kwamba haikubakisha, alikukata alama zote, hata zile ulizostahili. Lakini ukiwa mzito wa kuelewa, alikaa nawe mchana mzima, bila kupandisha sauti, akibadilisha mfano mara kwa mara hadi ule mmoja ukufungukie.

Siku moja tulitaka kumwonyesha kwamba tumesoma. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ametufundisha kwamba namba za aina ile zinaitwa tasa, nasi tukalitamka neno kwa pamoja kama kwaya. Akaweka chaki chini.

"Nani amezipatia hilo jina?"

Tukamwonyesha kitabu cha Kiswahili.

"Kumi na tano ni mtoto wa tatu na tano. Ishirini na moja ni mtoto wa tatu na saba. Namba yote mnayojua, ukiifuata nyuma, unakuta hawa ndio wameizaa. Sasa tasa hapo ni nani?"

Hakuwa na hasira. Alitusubiri tujibu, kama swali la kweli. Mwezi ule ule mama aliniambia, katika maneno mengine tu, kwamba Mwalimu na mkewe hawakujaliwa mtoto. Niliona uso wangu ukichomeka pale nilipokuwa nimekaa. Nikawaambia wenzangu, na tangu hapo darasa lote lilitafuta njia ya kulizunguka neno lile mbele yake. Ni yeye aliyelirudisha mwenyewe, wiki kadhaa baadaye, akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa na kuendelea na somo.

Mpaka hapa ningeweza kuacha, na ingekuwa picha nzuri.

Namba yake ilikuwa na ndugu. Thelathini na moja ni tasa. 331 ni tasa. 3331 ni tasa. Ongeza tatu nyingine mbele, tasa. Ongeza tena, tasa. Mpaka ufike ile ya ukutani. Alipenda kutuandikia mlolongo huo, kila mstari mrefu kuliko wa juu yake, kama ngazi. Nikiwa kidato cha pili, nilikaa usiku mmoja nikimsubiri mama amalize kazi. Mama alifuma sweta za shule kwa mashine, na mashine ile ilikuwa na mlio ambao huwezi kulala nao. Nikajiuliza baada ya tatu saba inakuwaje. Nikaandika tatu nane na moja mwishoni, nikaanza kugawanya. Kwa saba ikabaki mbili. Kwa kumi na moja ikabaki moja. Kwa kumi na tatu ikabaki sita. Kwa kumi na saba haikubaki kitu. Nikarudia, nikidhani usingizi umenidanganya. Haikubaki kitu.

Niliamini kabisa kwamba atafurahi.

Siku ya wazazi ilikuwa wiki ile; mama hakuweza kuja kwa sababu ya sweta. Palikuwa na hema, viti vya plastiki, na mgeni kutoka ofisi ya elimu aliyevaa suti. Mwalimu alipewa nafasi ya kuonyesha kazi ya idara yake. Akasimamisha ubao, akaandika ngazi yake yote mpaka tatu saba, akawageukia watu, uso umemng'aa.

"Na inayofuata ni hivyo hivyo," akasema. "Na ile ya baada yake. Hii kitu haina mwisho. Itaenda hivi mpaka Yesu arudi."

Wazazi wakapiga makofi. Nami nikainua mkono. Aliponiona alitabasamu, akaniruhusu.

"Mwalimu, ile ya tatu nane inagawanyika. Kwa kumi na saba."

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini yeye alikuwa ameshaondoka. Mgeni akamgeukia, "Ati nini? Ni kweli?"

"Watoto wa siku hizi, bwana," Mwalimu akasema. "Ukimfundisha kugawanya mkate, anataka kugawanya jiwe. Kaa chini, binti. Hesabu si kelele ya soko."

Hema lote likacheka. Nilikaa. Nilikuwa nimeandika hesabu yangu kwenye kiganja, na jasho likaifuta.

Jumatatu nikafukuzwa nikalete mzazi, kwa kuiaibisha shule mbele ya mgeni. Mama aliacha sweta juu ya mashine, mkono mmoja haujafumwa, akavaa viatu vya kanisani. Njiani hakuniuliza nini kilitokea. Alisema tu, "Mwalimu ni jirani. Sasa nitakutanaje naye mferejini?"

Ndani ya ofisi ya walimu mama alinipigisha magoti kwenye saruji. Yeye mwenyewe akasimama, mikono ameikunja mbele, kichwa ameinamisha. "Mwalimu, nakuomba. Huyu mtoto ana mdomo. Si kwamba hana adabu, ni mdomo tu."

"Mama, sitaki ufikirie namuonea," Mwalimu akasema. "Acha nikuonyeshe." Akachukua chaki, akaandika tatu nane na moja kwenye ubao mdogo wa ratiba, akaanza kugawanya kwa kumi na saba, kwa sauti, pole pole, kama alivyofanya kwa wale wazito wa kuelewa. Mama hakusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini aliufuata mkono wake kwa macho. Moja, inabaki kumi na sita. Tisa, inabaki kumi. Sita, inabaki moja. Akaendelea. Alipofika mwisho, ikabaki tano, akashusha ile moja ya mwishoni. Hamsini na moja.

Mtu yeyote aliyefundisha hesabu anajua hamsini na moja ni kumi na saba mara tatu. Nilikuwa chini, nikiiona kando ya koti la Mwalimu. Chaki ilikaa hewani. Sauti yake ilikuwa imeshakatika. Hakuandika ile tatu. Alifuta ubao kwa kiganja, toka juu hadi chini, akajipangusa kwenye suruali.

"Imekataa, mwalimu?" mama akauliza.

"Imekataa, mama."

Mama akanibonyeza bega. "Umeona? Omba msamaha."

Nikaomba. Naye, akiangalia dirishani, akasema, "Nimekusamehe."

Watu huniuliza mbona sikusema. Niliona uso wa mama. Alikuwa ametulia, kama mtu aliyefanikiwa kuokoa kitu. Ningemwambiaje kwamba ameacha kazi, ameinama mbele ya walimu, ameomba msamaha kwa ajili ya ukweli? Kutokuwa na adabu kulikuwa kwepesi zaidi kubeba. Nikakubeba. Tangu siku hiyo, mgeni akija nyumbani, mama alinitambulisha hivi: "Huyu wangu ana mdomo, muombeeni." Na mferejini alimpisha Mwalimu foleni. "Tangulia, mwalimu." Naye alitangulia, akiinamisha macho kwenye ndoo. Hapo ndipo nilipoona aibu zaidi kuliko ofisini. Nilimwonea mama aibu, na kwa namna ambayo sikuielewa nilimwonea aibu Mwalimu pia.

Kwa miaka miwili iliyobaki hakuniuliza swali hata moja darasani. Alinisahihishia kwa haki. Kila alama niliyoistahili niliipata. Ngazi yake hakuiandika tena. Namba ya ukutani ilibaki, kwani ile ni tasa kweli, hakuna wa kuipinga. Niliwahi kumkuta jioni amesimama mbele yake, mikono mfukoni. Aliponiona akaenda zake. Nilijua anachofikiria, au nilidhani najua: kwamba ile alikuwa ameigawanya mamia ya mara, na ile iliyoifuata hakuwa ameigawanya hata mara saba.

Alistaafu, akarudi Misikhu. Mimi nilisoma, nikapata kazi ya kupima mbegu za mahindi hapa Kitale, na bado naishi Matisi na mama. Magoti yake yamekataa mashine.

Jumamosi moja mwaka huu, asubuhi jua limeshawaka, nilifungua mlango nikamkuta Mwalimu amesimama na kuku kwapani. Nywele zote zimekuwa nyeupe, na koti lilikuwa jingine, limemzidi. Nilifikiri amekuja kwangu. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hiyo tangu nikiwa msichana, na yote yakanitoka.

"Karibu, mwalimu."

"Sikuja kwako," akasema. "Mama yako yuko?"

Mama akaja akijishika ukutani. Alipomwona alianza kuhangaika na viti, akaomba radhi kwa nyumba kuwa hivyo, akaomba radhi kwa chai kutokuwa tayari. Mwalimu hakukaa.

"Mama, nimereta kuku. Lakini kwanza nina neno. Siku ile ofisini nilikuambia imekataa. Haikuwa imekataa."

"Nini haikukataa, mwalimu?"

Namba alikuwa ameisahau. Alichokumbuka ni saruji na viatu vya kanisani. Mwalimu akamweleza yote, bila kujipunguzia. Alisema alikuwa amesema neno mbele ya watu bila kulipima, mtoto akalipima. Alisema alipofika hamsini na moja alijua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mtu anayetafuta njia gizani.

"Kwa hivyo huyu alisema ukweli."

"Alisema."

"Na wewe ulijua, tukiwa tumesimama hapo."

"Nilijua kabla ya kufuta."

Mama akanigeukia. "Na wewe?"

"Nilijua, mama."

"Ukaninyamazia. Miaka hii yote naambia watu una mdomo."

Nilikuwa nimeificha aibu ile isimfikie, na sasa ilikuwa imemfikia akiwa mzee, hawezi hata kuinuka upesi akatoka nje. Macho yake yalijaa, akayafuta kwa upande wa leso, akamgeukia mgeni.

"Mwalimu, siku hiyo ulimwambia umemsamehe. Hilo neno lichukue. Si lako kutoa."

"Nalichukua," akasema. Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni. "Nisamehe, mwanangu."

Nilitaka kusema yameisha. Ndilo neno tunalosema. Nikashindwa, nikaitikia kwa kichwa tu, na sijui alielewa nini. Nilikuwa nimeingojea siku ile kwa hamu, na ilipofika nilitamani niwe mahali pengine. Hakuna raha ya kumwona mtu mzima akiwa mdogo hivyo sebuleni kwako.

"Keti," mama akamwambia. "Kuku utakula nasi."

Nikamchinja kuku, nikapika. Baadaye nikasikia Mwalimu ameanza kuongea na mimi kupitia mlango wa jikoni, sauti inapanda. Alisema miaka hii amerudia ile ngazi na kuona kwamba hakuhitaji hata kugawanya. Angekaa tu akafikiri. Mabaki ya kugawanya kwa thelathini na moja hurudia mzunguko, kwa hiyo ile thelathini na moja ya mwanzo, ukiandika tatu kumi na sita na moja mwishoni, inarudi kuigawanya. "Unaona? Kila mlolongo wa namna hii lazima uvunjike! Unabeba kisu chake wenyewe toka hatua ya kwanza!" Nilichungulia. Alikuwa amesimama, mikono hewani, macho yanawaka kama zamani.

"Mwalimu," mama akasema, "hesabu baadaye."

Akakaa.

Kwetu, kuku akiiva, firigisi haigombaniwi. Ni ya mgeni, na mgeni akiwa mwanamume mzee, hata mtoto mdogo anajua. Mama hakunikubalia nipakue. Aliinuka mwenyewe, magoti yakilia, akashika mwiko. Alimwekea Mwalimu ugali, supu, bawa na shingo. Kisha akaitafuta firigisi chini ya sufuria, akaiinua, akaiweka kwenye sahani yangu.

Mzee wa Misikhu hahitaji kuelezwa maana ya jambo kama hilo. Aliangalia sahani yake, akaangalia yangu. Nikaisukuma firigisi kando ya ugali, nikitafuta namna ya kuirudisha bila kumkosea mama.

"Kula," mama akasema.

Mwalimu alinyoosha mkono, akaichukua chumvi iliyokuwa mbele yake, akanisogezea.